Ruzuku ya kaya maskini: Shilingi ya kijijini haitoshi pembezoni mwa Dar

MJADALA kuhusu fedha zinazotolewa na Serikali kwa kaya maskini umeendeshwa kwa muda mrefu kwa swali moja tu: je, fedha hizo zinawainua maskini au zinawalemaza? Swali hilo limeulizwa bungeni, kwenye mikutano ya mitaa na hata ndani ya daladala, na kila mara wasemaji wamegawanyika makundi mawili, wanaounga mkono na wanaopinga.

Hata hivyo, kwa kaya inayoishi pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, iwe Mabwepande na Bunju katika Wilaya ya Kinondoni au Chamazi, Charambe na Toangoma katika Wilaya ya Temeke, swali lenye uzito zaidi ni jingine. Ni iwapo shilingi iliyopimwa kwa mizani ya kijiji inaweza kufanya kazi ileile mahali ambapo karibu kila kitu, kuanzia maji ya kunywa hadi mahali pa kulala, hununuliwa.

Ushahidi uliokusanywa nchini na katika nchi jirani kwa zaidi ya miaka kumi umekwishajibu swali la kwanza. Swali la pili bado halijapewa nafasi inayostahili, na kulikwepa kunazigharimu kaya ambazo mji umezifikia kabla ya kipato kuzifikia.

Kutoka saruji hadi fedha taslimu

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (Tasaf) ulianzishwa mwaka 2000. Katika awamu zake mbili za mwanzo ulifahamika zaidi kwa madarasa, zahanati, visima na barabara ndogo zilizojengwa kwa nguvu za wananchi wenyewe. Awamu ya tatu, iliyozinduliwa Agosti 2012 na Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, ndiyo iliyoleta Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Badala ya kupeleka saruji na nondo kijijini, mpango huo ulipeleka fedha taslimu mikononi mwa kaya, na mara nyingi aliyezipokea alikuwa mama.

Hatua hiyo haikuchukuliwa kwa kubahatisha. Kabla yake lilifanyika jaribio katika wilaya tatu za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, likihusisha vijiji 80. Vijiji 40 viliteuliwa kwa kura kuanza kupokea fedha, na 40 vilivyobaki vikawa vya kulinganisha. Malipo yalianza Januari 2010, na kila baada ya miezi miwili kaya ilipata kati ya Dola 12 na 36 za Marekani kulingana na idadi ya wazee na watoto waliomo.

Matokeo yake, yaliyochapishwa na watafiti wa Benki ya Dunia mwaka 2014, yaliwashangaza wengi waliodhani fedha hizo zingeishia kilabuni. Kaya zilizopata ruzuku zilijiunga kwa wingi zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, watoto wao waliugua kidogo kuliko wenzao, na wengi zaidi walimaliza darasa la saba. Kaya hizo zilinunua kuku na mbuzi, na watoto wakavalishwa viatu.

Baada ya hapo mpango ulisambazwa nchini, ukafikia zaidi ya kaya milioni moja katika takriban asilimia 70 ya vijiji, mitaa na shehia. Kipindi cha pili kilizinduliwa Februari 2020 na Rais wa Awamu ya Tano, hayati John Magufuli, kwa lengo la kuyafikia maeneo yote yaliyokuwa yamebaki. Mwaka uliotangulia, Benki ya Dunia ilikuwa imeidhinisha mkopo wa Dola milioni 450 kwa ajili ya kipindi hicho.

Tathmini ya kipindi cha kwanza ilionyesha kuwa katika kaya zilizopokea ruzuku, umaskini wa mahitaji ya msingi ulipungua kwa asilimia 10 na umaskini uliokithiri kwa asilimia 12. Kwa fedha ambazo mtu wa kipato cha kati jijini angeweza kuzimaliza kwa chakula cha jioni moja hotelini, hayo si matokeo madogo.

Fedha inapoingia ndani ya nyumba

Ili kuelewa ni kwa nini fedha kidogo huleta mabadiliko, ni lazima kutazama zinavyofanya kazi ndani ya familia ya kijijini. Kaya hiyo, hata iwe maskini kiasi gani, kwa kawaida ina mahali pake pa kulala, ina kipande cha ardhi, inaokota kuni na kuchota maji. Kinachokosekana ni fedha taslimu kwa wakati unaotakiwa: za daftari, za sare, za chumvi na mafuta ya taa, za dawa, za mbegu kabla ya mvua.

Kwa sababu hiyo, Sh20,000 zinazoingia katika kaya ya namna hiyo hazinunui chakula peke yake. Huizuia kaya isiuze mahindi yakiwa bado shambani kwa bei ya kutupa. Humwezesha mama kubakiza jogoo badala ya kumuuza mtoto anapopata homa. Baada ya miezi kadhaa, kuku wawili huwa kumi, na kuku kumi huwa mbuzi mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa macho ya haraka. Mama mwenye shilingi zake husikilizwa zaidi katika maamuzi ya nyumbani, na mkopaji mwenye uhakika wa malipo huaminiwa dukani. Uchambuzi uliofanywa kutokana na jaribio la wilaya hizo tatu ulionyesha pia kuwa imani ya wananchi kwa viongozi wao wa kijiji waliowachagua iliongezeka pale ruzuku ilipotolewa.

Si kila matokeo yalikuwa mazuri moja kwa moja. Utafiti uliofuatilia watoto wa kaya za mpango ulibaini kuwa ruzuku ilipunguza kazi za vibarua walizofanya nje ya nyumbani na kuboresha mahudhurio yao shuleni, lakini iliongeza muda wao wa kuchunga mifugo ya nyumbani. Kaya ilipopata mbuzi, mbuzi alihitaji mchungaji. Hiyo ni ishara kwamba fedha hazibadili tu kiasi cha chakula mezani, bali hupanga upya kazi za kila mtu ndani ya familia.

Hoja ya uvivu na pombe

Wanaopinga fedha zisizo na masharti hudai kuwa maskini akipewa fedha za bure ataacha kazi au atazinywea. Ni hoja inayoeleweka, kwa kuwa kila mtaa una mfano wake wa mtu mmoja aliyefanya hivyo. Lakini mfano wa mtu mmoja si kipimo cha sera.

Mwaka 2014 watafiti wawili, David Evans na Anna Popova, walikusanya matokeo ya tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kuhusu matumizi ya pombe na tumbaku kwa waliopata ruzuku. Kwa jumla hawakukuta ongezeko, na katika maeneo mengine matumizi hayo yalipungua.

Nchini Kenya, majaribio ya shirika la GiveDirectly katika Kaunti ya Siaya yalikwenda mbali zaidi. Kati ya mwaka 2014 na 2017, zaidi ya kaya 10,500 katika eneo lenye vijiji 653 zilipewa takriban Dola 1,000 kila moja bila sharti lolote. Watafiti waliofuatilia walibaini kuwa kila dola iliyotolewa ilizalisha shughuli za kiuchumi za takriban dola mbili na nusu katika eneo hilo, kwa kuwa fedha ziliingia kwenye maduka, kwa mafundi na kwa vibarua. Jirani asiyepewa kitu naye alinufaika, na bei za bidhaa hazikupanda kwa kiasi cha kutisha.

Hapa Tanzania mpango ulichanganya njia mbili. Katika kipindi cha kwanza, kila kaya iliyoandikishwa ilipata Sh10,000 kwa mwezi bila sharti, na yenye mtoto aliye chini ya miaka 18 iliongezewa Sh4,000. Sehemu nyingine ilikuwa na masharti: Sh4,000 kwa mtoto mchanga anayepelekwa kliniki, Sh2,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, Sh4,000 kwa wa kidato cha kwanza hadi cha nne na Sh6,000 kwa wa kidato cha tano na sita. Jumla kwa kaya haikuzidi Sh38,000 kwa mwezi, na malipo yalipangwa kufanyika kila baada ya miezi miwili.

Aidha, kaya zenye watu wenye nguvu zilipewa ajira za muda kwa Sh2,300 kwa siku, kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka. Kipindi cha pili kiliongeza uzito katika ajira hizo, kikiegemea msimamo kwamba mwenye uwezo wa kufanya kazi afanye kazi.

Hesabu ikivuka Mto Mpiji

Mto Mpiji ndio unaotenganisha Bunju na Bagamoyo. Kijiografia ni mwendo mfupi, lakini katika maisha ya familia maskini ni mpaka mkubwa. Ng'ambo ya Bagamoyo ndiko mpango ulikojaribiwa na kuonekana unafaa. Upande wa Dar es Salaam, maeneo yaliyokuwa mashamba ya mihogo, mikorosho na minazi miaka 30 iliyopita yamekuwa viwanja, na kaya zilizokuwa za wakulima zimebaki na ua badala ya shamba.

Hali ni hiyohiyo upande wa kusini, kuanzia Chamazi na Toangoma hadi maeneo ya Kigamboni ambayo hapo awali yalikuwa sehemu ya Temeke. Pembezoni huko huishi watu wa aina tatu: wenyeji waliouza ardhi kipande kwa kipande hadi ikaisha, wahamiaji kutoka mikoani, na waliosukumwa kutoka katikati ya jiji. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, kwa mfano, familia kutoka Bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande, mbali na vibarua na biashara ndogondogo zilizokuwa zikizilisha.

Takwimu zinaonyesha kuwa tatizo hili si la kufikirika. Kwa mujibu wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kiwango cha umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara kilishuka kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi 26.4 mwaka 2017/18. Lakini katika Dar es Salaam kilipanda katika kipindi hichohicho kutoka asilimia 4.1 hadi asilimia 8.0. Bado jiji lina nafuu kubwa likilinganishwa na vijijini, ambako kiwango kilikuwa asilimia 31.3, ila mwelekeo wake ni wa kutia shaka.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huo. Iwapo kiwango cha asilimia nane hakikubadilika, hao ni zaidi ya watu laki nne, idadi inayotosha kujaza miji kadhaa ya mikoani.

Sasa ichukuliwe kaya ya mfano ya watu watano: bibi, binti yake na wajukuu watatu, mmoja akiwa chini ya miaka mitano na wawili wakiwa shule ya msingi. Kwa viwango vya kipindi cha kwanza, kaya hiyo ilistahili Sh10,000 za msingi, Sh4,000 za kuwa na watoto, Sh4,000 za mtoto mdogo na Sh4,000 za wanafunzi wawili. Jumla ni Sh22,000 kwa mwezi, au Sh44,000 kwa kila dirisha la malipo.

Kwa siku ni takriban Sh730, na kwa kila mtu ni chini ya Sh150. Mstari wa umaskini wa chakula uliotumika mwaka 2017/18 ulikuwa Sh33,748 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi, na wa mahitaji ya msingi Sh49,320. Maana yake ni kwamba ruzuku ya watu wote watano ilikuwa takriban theluthi mbili ya fedha zinazohitajika kumlisha mtu mzima mmoja.

Ni kweli kwamba ruzuku haikukusudiwa kuwa kipato kamili, bali nyongeza. Lakini nyongeza hufaa pale inapokuta kitu cha kuongezea. Kijijini inakuta shamba, kuni na maji ya kisima. Pembezoni mwa mji inakuta mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, muuza maji anayehesabu madumu, na muuza mkaa anayepima kwa kopo.

Nauli nayo ni mfano mwingine. Desemba 2023, nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipandishwa kutoka Sh500 hadi Sh600. Mama wa Chamazi anayekwenda kufua nguo za watu au kuuza maandazi mbali na nyumbani hutumia Sh1,200 kwenda na kurudi, tena kama hapandi magari mawili. Ruzuku yote ya kaya ya mfano ingelipia safari zake za siku 18, na hapo hakuna aliyekula.

Pengine mfano ulio wazi kuliko yote unatoka katika sekta ya afya. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulipoanza kutekelezwa mwaka 2018, kaya ya watu sita mikoani ilitakiwa kuchangia Sh30,000 kwa mwaka. Kwa Dar es Salaam kiwango kiliwekwa Sh150,000. Kaya ya mfano ikiwa mkoani ingehitaji ruzuku ya chini ya mwezi mmoja na nusu kujipatia bima, na ikiwa Temeke ingehitaji ya karibu miezi saba.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Wakati wa kupanga mchango wa bima ilitambuliwa kuwa Dar es Salaam ni ghali mara tano, ilhali kiwango cha ruzuku kilikuwa kimoja kwa Chamwino na kwa Mbagala.

Masharti yana gharama zake

Masharti ya elimu na afya yaliwekwa kwa nia njema. Katika kijiji chenye shule moja na zahanati moja, kuyatimiza ni suala la kutembea. Mjini, zahanati inaweza kuwa karibu lakini foleni ikameza siku nzima ya kibarua, na siku ya mama anayeponda kokoto Kunduchi au anayeuza mboga Rangi Tatu ikipotea, jioni ya siku hiyo hakuna chakula.

Elimumsingi bila ada ilianza Januari 2016, na ni msaada mkubwa kwa kaya hizi. Hata hivyo, sare, madaftari, viatu na chakula cha mchana vimebaki mikononi mwa mzazi, na Sh2,000 kwa mwezi kwa mwanafunzi haziwezi kubeba mzigo huo.

Utafiti uliofanyika Zomba nchini Malawi na kuchapishwa mwaka 2011 unatoa funzo muhimu. Wasichana waliopewa fedha kwa sharti la kuhudhuria shule walibaki shuleni kwa wingi zaidi kuliko waliopewa bila masharti. Lakini mimba na ndoa za mapema zilipungua zaidi miongoni mwa waliopewa bila masharti, kwa sababu hata msichana aliyeacha shule aliendelea kuwa na fedha kidogo mkononi na hakulazimika kumtegemea mwanamume.

Kwa vitongoji vya Dar es Salaam, ambako binti wa miaka 15 aliyeacha shule hukutana na vishawishi kila kona, funzo hilo lina uzito. Sharti humsaidia aliye ndani ya shule, na humwacha aliyekwisha kutoka, ambaye huenda ndiye mwenye uhitaji mkubwa zaidi.

Nani maskini katika mtaa wa wapangaji?

Utambuzi wa walengwa ulipitia mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa, ambako wananchi wenyewe walizitaja kaya maskini kabla ya taarifa zao kuchambuliwa zaidi. Kijijini njia hiyo ina nguvu kwa sababu watu wanafahamiana kwa vizazi, na nyumba isiyotoa moshi jioni inajulikana.

Katika mtaa wa wapangaji, mambo ni tofauti. Kaya maskini kuliko zote mara nyingi ndiyo inayohama mara kwa mara kwa kushindwa kodi, na siku ya mkutano mama yuko kwenye kibarua. Anayemfahamu ni mwenye nyumba na mwenye duka anayemkopesha, si lazima mwenyekiti wa mtaa. Matokeo yake ni kwamba mwenyeji mwenye nyumba yake ana nafasi kubwa ya kutajwa kuliko mpangaji wa chumba kimoja aliyefika miezi minane iliyopita.

Uhakiki uliofanywa katika kipindi cha kwanza uliondoa makumi ya maelfu ya kaya zilizobainika kutokuwa na sifa, zikiwamo zilizopachikwa jina la kaya hewa. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima kulinda fedha za umma. Lakini kosa la kumwandika asiyestahili hupigiwa kelele na magazeti na wanasiasa, wakati kosa la kumwacha anayestahili halina mpigakelele.

Malipo yanapochelewa

Kwa familia yoyote maskini, tarehe ya fedha ni muhimu kama kiasi chake. Malalamiko ya kuchelewa kwa malipo yamesikika mara nyingi, hasa wakati wa mpito kati ya kipindi kimoja na kingine. Kijijini, kuchelewa kwa mwezi mmoja kunaweza kuvumiliwa kwa mihogo ya shambani. Mjini huzibwa kwa daftari la mkopo dukani au, kwa bahati mbaya, kwa mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la "kausha damu".

Mkopo wa aina hiyo huchukuliwa kwa siku moja na kulipwa kwa wiki nyingi. Ruzuku inapofika, tayari si ya familia tena bali ni ya mkopeshaji. Kwa namna hiyo fedha za umma zilizokusudiwa kumnusuru maskini hugeuka riba, na chanzo chake ni kalenda ya malipo, si uvivu wala ulevi.

Mkupuo au kidogokidogo?

Jaribio jingine la GiveDirectly nchini Kenya, katika kaunti za Siaya na Bomet, limelinganisha kaya zinazopata takriban Dola 22.50 kila mwezi na zile zilizopewa takriban Dola 500 kwa mkupuo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yalionyesha kuwa waliopewa mkupuo walianzisha biashara nyingi zaidi kuliko waliopata fedha za kila mwezi kwa miaka miwili. Waliohakikishiwa malipo ya kila mwezi kwa miaka 12 nao walifanya jambo la busara: waliingia kwenye vyama vya kupokezana fedha, wakajitengenezea mkupuo wao.

Wanawake wa Temeke na Kinondoni wanaufahamu utaratibu huo kwa jina la upatu au mchezo, na vikoba vimeenea katika mitaa yao. Hii inaonyesha kuwa familia maskini zinajua tofauti kati ya fedha ya kula na fedha ya mtaji. Lakini kuingia katika mchezo kunahitaji uhakika, na Sh22,000 ambazo hazijulikani zitafika lini haziwezi kuahidiwa kwa wenzako.

Zanzibar nayo imetoa mfano wa uhakika huo. Tangu Aprili 2016 kila mzee mwenye umri wa miaka 70 na kuendelea, awe tajiri au maskini, alianza kulipwa Pensheni Jamii ya Sh20,000 kwa mwezi, na baadaye kiwango hicho kikaongezwa. Hakuna mkutano wa kumtaja maskini wala sharti la kutimiza. Umri ndiyo sifa, na mzee anaweza kumuahidi mjukuu wake sare ya shule kwa kuwa anajua fedha zinakuja.

Kinachohitajika

Kutokana na hayo, hatua kadhaa zinastahili kufikiriwa na wapangaji wa sera. Ya kwanza ni kuweka viwango vinavyozingatia gharama za mahali. Iwapo mchango wa bima unaweza kutofautishwa kati ya Dar es Salaam na mikoa mingine, ruzuku nayo inaweza. Kati ya mwaka 2011/12 na 2017/18 mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi ulipanda kwa asilimia 35, kutoka Sh36,482 hadi Sh49,320. Ruzuku isiyopanda pamoja na bei hupungua kila mwaka bila mtu yeyote kutangaza kuwa imepunguzwa.

Ya pili ni kutangaza tarehe za malipo na kuziheshimu kama zinavyoheshimiwa tarehe za mishahara. Ya tatu ni kuziruhusu kaya za mjini kuchagua kupokea sehemu ya ruzuku kwa mkupuo mmoja kwa mwaka, ili ziweze kulipa kodi ya miezi sita au kununua mtaji wa genge bila kukopa.

Ya nne ni kubadili namna ya kuwatambua walengwa mijini, kwa kuwahusisha wajumbe wa mashina, zahanati na walimu wakuu, ambao humwona mtoto anayesinzia darasani kwa njaa hata kama mama yake hajawahi kuhudhuria mkutano. Ya tano ni kutoharakisha kuziondoa kaya kwenye mpango kwa madai kuwa zimehitimu, kabla hazijaunganishwa na mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Kaya ya kijijini yenye mbuzi watano inaweza kusemwa imevuka. Kaya ya mjini iliyolipa kodi kwa wakati kwa mwaka mmoja imesimama, lakini ikiugua mtu mmoja inarudi ilikotoka.

Wapo watakaosema nchi haina uwezo wa kulipa zaidi, na kwamba kila shilingi inayoongezwa Mbagala inapungua Chamwino. Ni hoja ya msingi, kwa kuwa vijijini ndiko waliko maskini wengi. Lakini ruzuku ndogo mno hupoteza fedha kwa namna yake: inatolewa, inagharimiwa usimamizi, inasainiwa, na familia inabaki palepale.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Walikuwa wakizungumzia kibaba kizima. Cha familia ya pembezoni mwa Dar es Salaam kinavuja kwa kodi, maji, mkaa na nauli, na kasi ya kukijaza haina budi kupimwa kwa kasi ya kuvuja huko. Vinginevyo, mpango uliothibitika kuwa na manufaa ng'ambo ya Mpiji utaendelea kulaumiwa Bunju na Chamazi kwamba umeshindwa, wakati kilichoshindwa ni kipimo chake.